Nani Yuko Upande wa Nargis?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya watazamaji waliokusanyika Mji Mkongwe, Unguja, kabla ya kuoneshwa filamu ya Satyajit Ray, Pather Panchali. Yamenyooshwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Assalaamu alaykum. Wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, viti vimebaki huku pembeni, njooni mkae. Picha ya leo ina saa mbili na zaidi kidogo, na miguu haitavumilia.

Nimetakiwa nieleze "filamu ya sanaa" ni kitu gani. Nawaomba radhi waandaaji, sitaeleza. Jina lenyewe linatisha watu. Mtu akilisikia anadhani mwisho wa picha atagaiwa karatasi ya mtihani, basi anaamua abaki nyumbani atazame mpira. Badala ya maelezo nimekuja na ugomvi. Ni ugomvi wa kweli, ulitokea India mwaka 1980, na mmoja wa waliohusika wazee wangu hawa wanamjua kuliko ninavyomjua mimi.

Namzungumzia Nargis.

(Kicheko.)

Naona jina limefika. Kwa faida ya vijana: Awara ni filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na Nargis ndiye bibie wa picha ile. Ilipofika Unguja katika miaka ya 1950 watu waliijaza senema, wakarudi tena na tena, na nyimbo zake zikaimbwa majumbani na watu ambao hawakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Wanawake walikuwa na maonesho yao peke yao. Na watu wakitoka walibishana njia nzima hadi Ng'ambo. Mtoto wa mwizi ni lazima awe mwizi? Yule hakimu aliyemfukuza mkewe mja mzito kwa sababu ya maneno ya watu, anastahili kusamehewa na mwanawe? Na lile lililokuwa na moto zaidi, kwa sababu lilikuwa mlangoni kwa kila mtu: kijana achague mwenyewe au achaguliwe?

Sasa nisikilizeni hapo. Tunaambiwa, na wakati mwengine tunajiambia wenyewe, kwamba sisi ni watu wa nyimbo na ngumi, na kwamba picha nzito za watu wa mbali hatuziwezi. Awara yenyewe ilishindanishwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 1953. Wakubwa wa sanaa waliovaa tai waliitazama picha ile ile ambayo bibi zetu waliitazama wamevaa buibui. Bibi zetu hawakuomba ruhusa ya mtu kuijadili, wala hawakusubiri maandishi ya chini. Walisoma nyuso. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema filamu ya Kijapani ni ngumu kwa sababu haijui lugha, namwambia akamuulize nyanya yake alivyofanya.

Kilichopotea ni mahali. Senema ya Majestic ilijengwa pale Vuga mwaka 1955, juu ya kiwanja cha senema ya Royal iliyoungua. Empire, Cine Afrique, Sultana, zote mnazikumbuka. Leo tuna Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, jambo la kushukuriwa, lakini tamasha ni siku chache kwa mwaka, na baada yake kila mtu anarudi kwenye simu yake, peke yake, na kidole kiko tayari kuruka mbele pakiwa kimya. Filamu kama ya leo haiangaliki hivyo. Ukiruka mahali pakimya umeruka filamu yenyewe.

Kuna jambo jengine la kuchekesha. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994 kuwa na televisheni ya aina yoyote. Tulidekezwa na rangi mapema. Ndiyo maana najua kuna mtu humu, baada ya dakika tano, atamgusa jirani amuulize kama mashine imeharibika. Haijaharibika. Picha ni nyeusi na nyeupe, ndivyo ilivyopigwa.

Haya, ugomvi.

Mwaka 1980 Nargis hakuwa tena bibie wa picha. Alikuwa mtu mzima, ameteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la India. Na humo alimshambulia Satyajit Ray, mtengenezaji wa filamu wa Kibengali aliyekuwa anaheshimiwa dunia nzima. Shutuma yake ilikuwa kwamba Ray anauza umaskini wa India nje, kwamba Wazungu wanampa tuzo kwa sababu anawaonesha India wanayotaka kuiona. Alipohojiwa India mpya anayotaka ioneshwe ni ipi, alitaja mabwawa makubwa ya maji.

Msicheke haraka. Hoja ile ina uzito, na sisi wa visiwani tunaijua kwa mlango wa nyuma. Ni mara ngapi mgeni amekuja na kamera, akazipita nyumba zenye milango ya nakshi, akazipita skuli zilizojaa watoto, akaenda moja kwa moja kumpiga picha mtoto asiye na viatu? Na ni mara ngapi kijana wetu mwenye kipaji amejifunza kwamba filamu inayopata fedha za wafadhili ni ile yenye maradhi, au yenye mtoto anayepigwa? Mimi nimezitazama filamu hizo, na baadhi zimenichosha roho. Nargis angekuwa hai angepata wafuasi wengi hapa Unguja, na huenda mimi ningekuwa mmoja wao.

Lakini kwa Ray alikosea shabaha. Na nitawaonesha kwa nini kwa kuwahadithia kipande kimoja. Najua wengine hampendi kuhadithiwa. Mzibe masikio.

Pather Panchali ni hadithi ya familia katika kijiji cha Bengali: baba Harihar, mtu wa dini na ndoto nyingi na mfuko mtupu, mama Sarbajaya, binti Durga, mdogo wake Apu, na bibi kizee Indir, aliyepinda mgongo, ambaye kila akigombana na mama anafunga kifurushi chake anaondoka. Durga ana tabia ya kuchukua chukua. Maembe, mapera, vitu vya watu. Siku moja jirani anakuja juu: mkufu wa shanga wa binti yake umepotea, na mwizi ni Durga. Durga anakana. Mama, kwa aibu mbele ya jirani, anamburuta kwa nywele anamtoa nje. Sisi watazamaji hatuoneshwi kama aliiba au hakuiba.

Baadaye mvua kubwa zinakuja, Durga anacheza kwenye mvua, anashikwa na homa, anafariki usiku wa tufani. Baba yuko safarini, hajui. Anarudi na furaha, kapata kazi, kaleta zawadi, anatoa sari aliyomnunulia Durga anampa mama. Na hapo mama anaanguka. Anapiga ukelele, na ukelele wake hamtausikia. Ray ameiondoa sauti ya mwanamke yule, akaweka mahali pake sauti ya juu ya ala ya nyuzi, inayolia kama fidla ya taarab inapopanda na kukataa kushuka. Nyinyi mliokulia kwenye taarab hamtahitaji mtu awafafanulie. Muziki wa filamu ni wa Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, na sehemu kubwa ilirekodiwa katika kikao kimoja cha usiku kucha kwa sababu hapakuwa na muda.

Sijamaliza. Familia inafungasha, inahama kijiji. Apu anapanga vitu, ananyoosha mkono kwenye rafu ya juu, anakuta chombo, ndani yake mna mkufu. Ule ule. Kwa hiyo dada yake aliiba, na alisema uongo, na ameshakufa. Mtoto wa miaka sita, saba, anafanya nini? Hamwiti mama. Hasemi neno. Anakimbia mpaka kwenye dimbwi, anautupa mkufu majini. Juu ya maji pametanda magugu. Mkufu unapasua tundu, na Ray anatuacha tunalitazama tundu lile magugu yakisogea taratibu mpaka yanaliziba. Mtoto amemsitiri dada yake.

Niambieni, hapo kinachouzwa ni umaskini? Umaskini umo, hakuna anayeuficha. Lakini kitendo kile ni cha heshima, na kingeweza kutokea Micheweni au Makunduchi, katika nyumba yoyote yenye ndugu wawili na siri moja. Mpiga picha anayewinda mtoto asiye na viatu hawezi kukiona, kwa sababu kukiona kunahitaji uwe umekaa na mtoto huyo tangu mwanzo wa picha. Ndiyo kazi ya zile dakika ambazo mtazamo wa harakaharaka unasema "hakuna kinachotokea".

Na hebu tuwe waadilifu: jukumu kubwa kuliko yote aliyoigiza Nargis mwenyewe ni katika Mother India, 1957, ambapo ni mama maskini wa kijijini anayelima kwa mikono yake. Yeye na Ray wote wawili walipita mlango wa umaskini. Mother India ina machozi, ina nyimbo, ina mama anayeitwa kuzindua mfereji wa maji mbele ya kijiji kizima. Ray hana mfereji. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi Nargis, kwamba hakufarijiwa. Na mtu anayetaka kufarijiwa na picha hana kosa. Mimi nataka hivyo siku nyingi za wiki.

Huyu Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara mjini Calcutta. Alipelekwa London na kampuni yake mwaka 1950, akaitazama filamu ya Kiitaliano ya Vittorio De Sica, Bicycle Thieves ya 1948, ya mtu aliyeibiwa baiskeli, ambamo mwigizaji mkuu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Akaamua: hivi ndivyo nitakavyofanya. Alianza kupiga picha Oktoba 1952 akiwa bado ameajiriwa. Mpiga kamera wake, Subrata Mitra, kijana mdogo, hakuwa amewahi kushika kamera ya filamu. Siku za mwanzo walipiga kipande cha watoto wawili wakikimbia kwenye uwanda wa manyasi marefu yenye maua meupe kwenda kuliona treni. Waliporudi kumalizia, ng'ombe walikuwa wamekula maua yote. Wakasubiri msimu mwengine. Fedha ziliisha. Aliweka rehani vito vya mkewe, akauza vitabu na sahani zake za santuri. Mwisho serikali ya West Bengal ilitoa fedha, na kwa kuwa jina la filamu lina maana ya wimbo wa njia ndogo, fedha zikapitia fungu la kutengeneza barabara. Msije mkaniuliza hapa kwetu fungu hilo liko wapi.

(Kicheko kirefu.)

Ray mwenyewe alisema walinusurika kwa miujiza mitatu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na bibi kizee hakufa. Na kulikuwa na wa nne ambao hakuuona, maana alifariki 1992: mwaka uliofuata moto katika maabara moja ya filamu London uliunguza negativu zake, yaani mikanda ya asili. Vilivyosalia vilikusanywa, vikatengenezwa upya kwa subira kubwa Bologna, Italia, na mwaka 2015 filamu ikarudi kuoneshwa. Ndiyo mtakayoiona.

Kuna ambao mmeniuliza pale nje, baada ya Ray nitazame nini. Siwapi orodha. Nitataja wawili tu.

Wa kwanza ni Mjapani Yasujiro Ozu, na picha yake Tokyo Story ya 1953. Wazee wawili wanasafiri kutoka Onomichi kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao. Watoto wana shughuli. Mmoja ni daktari, mwengine ana saluni. Wanachangishana fedha wawapeleke wazazi kwenye hoteli ya maji moto huko Atami, wakisema ni mapumziko. Kwa kweli wanawaondoa njiani. Anayewapa wazee wakati wake ni mkwe wao Noriko, mjane ambaye mumewe alipotelea vitani. Nimeitazama filamu hii pamoja na watu wa hapa, na haikupita nusu saa mtu akasema kwa sauti, "Watoto hawa wana laana." Ozu hasemi hivyo. Hamlaani mtu. Kabla ya picha kwisha yule binti mwenye saluni mnamwelewa, na hilo linauma zaidi kuliko laana.

Mtazame kamera yake iko wapi. Iko chini, karibu na sakafu, kimo cha macho ya mtu aliyekaa mkekani. Wahakiki wameandika kurasa kwa kurasa juu ya kimo hicho. Mtu wa hapa anakaa chini kula, anakaa chini kusoma khitma, anakaa chini kuzungumza na mgonjwa, na anapoiona picha ile anaona nyumba kwa kimo anachokijua. Wakurugenzi wa filamu waliopiga kura katika jarida la filamu la Uingereza, Sight and Sound, mwaka 2012 waliiweka Tokyo Story ya kwanza duniani. Mwaka 2022 wahakiki wa jarida hilo hilo waliweka ya kwanza Jeanne Dielman ya Mbelgiji Chantal Akerman, 1975, dakika 201 za mwanamke anayemenya viazi na kutandika kitanda mpaka siku mambo yanapomharibikia. Ni kazi kubwa. Lakini yeyote anayempa mtu filamu ile iwe ya kwanza hamtakii mema.

Wa pili ni wa kwetu Afrika, Ousmane Sembène wa Senegal. Alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaona kwamba wale anaowaandikia hawasomi Kifaransa. Akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa na umri wa mtu mzima mwenye jina lake. Mandabi, ya 1968, iko kwa Kiwolof. Ibrahima Dieng, baba mwenye wake wawili na kiburi cha kutosha, anatumiwa hawala ya fedha na mtoto wa ndugu yake aliyeko Paris. Mtaa mzima unapata habari kabla yake. Kuchukua fedha anahitaji kitambulisho. Kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa. Cheti kinahitaji tarehe ambayo hakuna aliyeiandika. Kila dirisha linampeleka dirisha jengine, na kila jamaa anakuja kukopa fedha ambazo hajazishika. Mtacheka mpaka mjishike mbavu, kisha mtaacha kucheka.

Nawataja hawa wawili kwa sababu hoja ya Nargis inawagusa vyengine. Umaskini wa Dieng ni mkubwa, na Sembène hakuwa na huruma ya kinafiki hata kidogo. Anamcheka Dieng waziwazi. Je, mtu wa ndani akimcheka maskini wake ni sawa, na mtu wa nje akimlilia si sawa? Na sisi tunaposifu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi na kuoneshwa kwanza Toronto 2021, tuliipenda kwa sababu ni nzuri au kwa sababu vichochoro ni vyetu? Mimi nina jibu langu, na rafiki zangu wawili waliokaa hapa hawalikubali kabisa.

Basi, utaratibu wa leo. Hakuna mtu atakayetafsiri juu kwa juu. Nawapenda wale wanaofanya hivyo kwenye vibanda vya video, wengine ni mafundi kweli kweli, lakini leo wangeuzungumzia ule ukelele usiosikika na kuuharibu. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, asiyeyafuata asihangaike. Simu zizimwe, si kuwekwa mtikisiko tu. Baada ya picha kuna kahawa na kashata, na hakuna anayeondoka na kashata bila kusema neno. Kusema "sikuipenda" kunaruhusiwa, ila useme ni wapi ilipokupotezea. Kusema "nzuri sana" peke yake hakuruhusiwi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, ni hiyo Mandabi. Kuingia ni bure, na kitambulisho hatutamuuliza mtu.